Kinachojua Kusubiri

Leo upepo wa Punta Arenas umeamka na ugomvi.
Manispaa imefunga kamba kwenye kona za barabara
tushike, tusipeperushwe kama risiti.
Kamba mkono huu,
mkono huu mkoba, na ndani peso elfu arobaini,
miezi mitatu ya kufuma soksi.
Nakwenda kwenye maduka yasiyotozwa ushuru
kumnunulia Nahuel mchezo wa mkononi.

Ana miaka minne. Mama yake yuko Natales,
kiwanda cha samaki, zamu ya usiku.
Ndiye aliyepiga simu: "Mama, wenzake wanavyo.
Tafuta wa kufundisha, si wa kupigana."
Kana kwamba kupigana hakufundishi.

Kijana wa duka, Fabricio, anatafuna ubani.
"Hiki, bibi, kina herufi zote,
hesabu hadi mia, wanyama mia mbili,
Kiingereza, Kichina na sayari."
Mjukuu wangu bado anaita kijiko "kiko".
Sayari zitamngoja.

Nikavaa miwani. Niwashie, nikasema.
Akacheka. Nikamtazama. Akawasha.
Akaruka chura wa kijani: Taja herufi! Upesi!
Pembeni saa nyekundu ikajimega
tonge kwa tonge,
nikabonyeza,
nikakosea,
kikalia kama mbuzi aliyekanyagwa kwato.
Miaka sitini na minane ninayo,
nimezika mume, nimelea wanne,
na shavu likaniwaka mbele ya chura.

Cha pili kilisifu mno.
Nikigusa: Hongera! Wewe ni nyota!
Nikakigusa kwa kiwiko: Hongera!
Nikakiacha mezani, kikajiimbia chenyewe.
Mgema anayesifiwa hivyo
hataishia kutia tembo maji,
hata kupanda mnazi ataacha.

Cha tatu kilikuwa rafu ya chini,
kina vumbi, rangi ya chai ya maziwa,
vitufe vitatu, kila kimoja upana wa dole gumba.
Nikakiangusha.
(Kwa makusudi. Fabricio alishika kichwa.)
Hakikuvunjika, hakikulalamika.
Mfuniko wa betri umekazwa kwa skrubu, vizuri,
maana Nahuel humeza:
mwezi Machi alimeza kifungo cha koti
nasi tukakingoja siku mbili.
Sauti yake hushuka hadi mnong'ono.
Kwenye skrini, bata amesimama ukingoni mwa maji.
Huyu ni nani? sauti ikauliza.

Nikanyamaza.
Nikahesabu moyoni, kumi, ishirini, arobaini.
Bata akajikuna. Akatazama maji.
Hakuniita mjinga.
Hakunijibia.

"Hicho ni cha zamani," Fabricio akasema,
"hakina mambo mengi."
Nikamwambia, kifunge.

Nilimwelezaje kijana yule
kwamba neno humtoka Nahuel
kama kondoo kwenye mlango wa zizi:
kwanza pua, kisha anarudi nyuma,
kisha pua tena,
nasi, kwa mapenzi, tunamvuta masikio.
Mwalimu humalizia.
Dereva wa basi humalizia.
Mimi, hasa mimi, humalizia,
na ninapomaliza, hutazama viatu vyake.

Jioni tukakaa kando ya jiko la kuni.
Alikigeuza kwanza juu chini,
akakifanya daraja la kijigari,
akakilamba kidogo.
Kisha akakiwasha.
Huyu ni nani?
Mdomo wake ukafunguka, ukafumba, ukafunguka:
"B..."
Nami, mzee nisiyefundishika,
nikaegemea mbele: "Ba..."

Akanibandika kiganja mdomoni,
kiganja kinanuka jamu.
"Su... subiri, bibi."

Bati la paa likapiga, likatulia, likapiga.
Bata akajikuna.
Nami nikajikuna.